Bonasi ya Dereva Mpya

Yapo matangazo yanayowaita vijana wetu kujisajili udereva wa teksi za mtandao kwa ahadi ya bonasi. Je, yafaa kijana aache kibarua chake, au achukue gari la mkataba, kwa ajili ya fedha hiyo?

Aghalabu bonasi hiyo si zawadi, bali ni dhamana ya kipato. Tuchukue mfano: ameahidiwa Sh. 400,000 akikamilisha safari 100 ndani ya siku 30. Nauli zake zikifika 380,000, atajaziwa 20,000 tu. Zikifika 400,000, hajaziwi kitu. Na akiishia safari ya 99, ahadi yote imekwisha. (Tangazo, bila shaka, huiandika ile 400,000 kwa tarakimu nene.) Petroli ni yake, na mwenye gari anangoja hesabu, bonasi iwepo isiwepo.

La kutazama zaidi ni kamisheni, maana hukatwa kila safari hata bonasi ikishasahaulika. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipoweka ukomo wa asilimia 15, Uber ilisitisha huduma zake nchini. Baadaye ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25. Huko ndiko kwenye fedha yenyewe.

Rai yangu: mwenye gari lake, ambaye angejisajili hata bila bonasi, na aipokee. Anayetaka kukopa gari asiitie katika bajeti kabisa. Aketi na mkewe wapige hesabu ya mwezi wa tatu, ambao bonasi haimo.