Madiwani wakimbize kuku, wagonjwa wapate nauli

Mhariri,

Mbio za NBC Dodoma Marathon, zilizoanza mwaka 2020, zimekuwa zikichangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hongera kwa waandaaji. Lakini sisi wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hatuna haja ya kusubiri benki kama NBC ituletee fulana.

Mgonjwa wa saratani kutoka Mugumu au Sirari akihitaji mionzi, safari ni Hospitali ya Bugando, Mwanza. Na mionzi si sindano ya siku moja. Mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Hata matibabu yakilipiwa, nauli, chumba na uji wa anayemuuguza nani atalipa? Wenye ng'ombe huuza. Asiye nao je?

Napendekeza bonanza, Tarime dhidi ya Serengeti: mbio za magunia, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, na wanaume wakimbie na ndoo ya maji kichwani bila kuishika (wake zao watalipa vizuri tu kuliona hilo). Kiingilio shilingi 1,000. Diwani atakayekataa gunia atozwe 50,000. Litungu, ala yetu ya asili, lisikosekane. Pembeni, wauguzi wawaandikishe akina mama kwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi.

Fedha zihesabiwe palepale, zisomwe kwenye kipaza sauti, ziingie akaunti ya kikundi cha kusaidia wagonjwa. Posho ya vikao, hapana. Kuku natoa mimi.

Msomaji wako,
Mugumu, Serengeti