Huzuni Nayo Ina Tabibu Wake

Yuko mgonjwa mwenye magonjwa mawili ambaye humtajia daktari mmoja tu. Huenda kutibiwa sonona, yaani huzuni nzito isiyomwondokea mtu, ikamnyima usingizi, hamu ya chakula na hata utamu wa ibada. Lakini kwa haya hunyamaza asiseme kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI na kila siku anameza dawa zake. Kunyamaza huko kuna hatari, nasi twaona ni wajibu wetu kuieleza.

Kwanza, tusiseme kuwa huzuni ni uchache wa imani. Nabii Yaakub (A.S.) alimhuzunikia mwanawe hata akapoteza nuru ya macho, na nani atamtilia shaka imani yake? Mtume wetu (S.A.W.) naye ametuhimiza kujitibu.

Amma dawa zenyewe, hazilingani. Amitriptyline huleta usingizi na kukausha kinywa; yaweza kumdhuru mwenye maradhi ya moyo, na ikizidishwa huua. Fluoxetine na sertraline kwa kawaida huwa nyepesi zaidi, ingawa siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu. Basi atumiaye ritonavir, ini lake hukawia kuivunja amitriptyline, ikarundikana mwilini. Efavirenz ni kinyume: hupunguza sertraline katika damu, na yenyewe yaweza kuleta ndoto mbaya na huzuni. Ndiyo mojawapo ya sababu ya wengi kuhamishiwa dolutegravir, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitanguliza mwaka 2019. Nayo pia huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Hata mmea wa Hypericum, unaouzwa Ulaya kuwa ni dawa ya huzuni, huvunja nguvu za dawa za UKIMWI. Daktari atachaguaje, au atapunguza na kuongeza vipi, ikiwa amefichwa nusu ya habari?

Pili, yatakiwa subira. Dawa hizi huanzishwa kwa kipimo kidogo, na nafuu huonekana baada ya wiki 2 hadi 6. Anayeziacha siku ya kumi kwa kusema hazifai, hakuzijaribu. Na aliyepona asiziache ghafla. Huendelea nazo angalau miezi 6, kisha daktari humpunguzia kidogo kidogo. Mfungo wa Ramadhani ukikaribia, na amwulize mapema juu ya saa za kumeza, wala asijipangie mwenyewe.

Nanyi wazazi, ikiwa mgonjwa ni kijana wa chini ya miaka 25, kaeni naye karibu wiki za mwanzo na kila kipimo kinapobadilishwa, kwani fikira za kujidhuru huweza kuzidi. Mkiziona, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Siri ya mgonjwa ni amana kwa tabibu. Tumwambie yote, ili dawa tuliyopewa iwe shifaa, wala isiwe madhara. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.