Sisi Si Vionjo

Mwenzetu mmoja, kijana mwandishi kama sisi, ametoa shauri. Anasema kijana wa mkoani mwenye kiu ya sanaa asipoteze umri wake akisubiri. Auze hata debe mbili za alizeti, apande basi, awe Dar es Salaam kati ya Machi na Mei, kwani hiyo ndiyo miezi mji unapochangamka. Huko mkoani, anasema, hakuna lolote. Sisi wa Mgori tumelisikia shauri hilo, na kwa kuwa hatuna lolote, tumepata nafasi ya kulijibu.

Nisije nikaambiwa nina wivu, nianze na haki ya Dar. Mambo yapo. Pasaka inaleta matamasha ya nyimbo za Injili. Mwaka ambao Idi imeangukia humo, taarabu na dansi hazilali. Tarehe 27 Machi ni Siku ya Maigizo Duniani, na wenye fani yao wanaijua. Nafasi Art Space, pale Mikocheni, tangu 2008 imewapa wachoraji na wachongaji mahali pa kufanyia kazi, na mtu anaweza kuingia akawaona mikono ikiwa bado na rangi. Tuzo za muziki za taifa, zilizokuwa kimya tangu 2015, zilirudi Aprili 2022, na zilirudi hapo hapo Dar. Kwa hiyo mwenzetu hakudanganya kuhusu mji. Kadanganya kuhusu sisi.

Kwanza hiyo Machi hadi Mei imetoka wapi? London na Paris watu wamekaa ndani miezi mitatu minne wamejikunyata kwa baridi. Jua likirudi na miti ikichipua, kila mtu anatoka, na wenye kumbi na bustani wanalijua hilo, wanapanga maonyesho yao. Ni akili. Sanaa yao inafuata hali ya hewa yao. Sasa njoo Dar mwezi wa Aprili. Ni masika, bwana! Msimbazi umefurika, barabara ya Jangwani imefungwa, daladala hazipandiki, na wewe umevua viatu vyako vya kwendea shoo umevishika mkononi. Sisemi watu wa Dar waache kustarehe kwa sababu ya mvua. Nasema msimu wao huo haukuletwa na mvua wala na jua. Umeletwa na sikukuu, na tarehe za wafadhili, na ratiba ya mwenye kudhamini tuzo, ambaye kwa miaka mingi ilikuwa ni bia.

Na hapo kwenye bia ndipo penye neno langu. Tuzo za Kili zilianza 1999, zikafikia mwisho 2015. Katika miaka yake ya mwisho zilikuwa na kipengele cha wimbo bora wenye vionjo vya asili ya Kitanzania. Lisome tena neno hilo: vionjo. Kionjo ni kile unachowekewa kiganjani uonje kama chumvi imekolea. Hakishibishi mtu, na hakuna anayeuliza kilimwa na nani. Mwimbaji anaingia studio na mdundo wake umeshakamilika, anachukua mstari mmoja wa bibi fulani, kigelegele, zeze la sekunde nane, anachanganya. Anapanda jukwaani, anapokea tuzo. Bibi hayupo, hana hata habari. Siwalaumu waliopokea tuzo hizo, maana wengine ni mafundi kweli na asili wanaipenda. Nawalaumu waliokaa mezani wakaona kwamba ngoma nzima ya usiku kucha, yenye mwanzo wake na mwisho wake na watu wake, mahali pake katika sherehe kubwa ya nchi ni kwenye kionjo.

Mtu atanitajia Saida Karoli. Vizuri. Alitoka Kagera na nyimbo zake za Kihaya, na 2001 nchi nzima ikaimba "Maria Salome" bila kujua nusu ya maneno. Hicho hakikuwa kionjo, kilikuwa chungu kizima. Mwaka 2016 Diamond Platnumz alipoutengeneza upya kuwa "Salome", ndipo vijana wengi wakauliza: kumbe huyu mama yupo? Ikiwa mtu aliyejulikana nchi nzima alikumbukwa kwa njia hiyo, je, yule ambaye hajawahi kuvuka Singida mjini?

Sasa nieleze miezi hiyo kwetu ikoje. Machi na Aprili uwele na mtama vinatoa masuke, na ndege wanajua. Watoto, akina mama, hata wazee wako shambani tangu alfajiri wakiamia. Katika kuamia kuna kuimba, lakini ni kuimba kwa kazi. Ukimwondoa mwimbaji siku tatu akacheze mbele ya wakubwa, akirudi atakuta masuke matupu. Mei na Juni ni kuvuna na kupura. Halafu ndio kipupwe chenyewe, Julai hadi Agosti. Ghala lina kitu, barabara imekauka, usiku una baridi ya kuotea moto. Hapo ndipo ngoma zinapotoka, na harusi, na jando kwa wanaoendelea nalo, na hadithi za wazee. Msimu wetu wa sanaa ndio huo. Umepangwa na mvua na chakula, kama wa London unavyopangwa na jua. Na katika msimu huo, ndugu zangu, sijaona mtu wa gazeti wala wa redio akiteremka kwenye gari hapa.

Wakija, wanakuja kwa ziara. Kikundi kinaitwa kumpokea mgeni rasmi. Kinacheza juani dakika kumi wakati magari yanaegeshwa, mshereheshaji anawakatiza, "asanteni, asanteni," kila mmoja soda moja. Taarifa itaandikwa kwamba utamaduni umeenziwa.

Tusiseme jambo hili lilianza na bia. Desemba 1962, Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, alilalamika kwamba wasomi wetu wanajua kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini wangapi wamewahi hata kuisikia Gombe Sugu au Kiduo? Alisema kweli. Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1963 likaundwa Kundi la Taifa la Ngoma. Ngoma zikachukuliwa mikoani, zikapelekwa Dar, zikafupishwa zitoshe jukwaani. Sindimba ya Wamakonde ikakatwakatwa mpaka baadhi ya wenyewe wakauliza ni sindimba gani hiyo. Njia ilikuwa ya kwenda tu. Mizigo ilipakiwa huku ikateremshwa kule, gari likarudi tupu. Baadaye kundi lilivunjwa, kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981, na tamasha lake. Huko ndiko alikofanya kazi Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, jirani zetu hawa, aliyefariki 2003 baada ya zeze lake na ilimba yake kusikika Ulaya na Japani. Mwenzetu atarukia hapo: unaona, naye alihama! Ndiyo, alihama. Na alipofika alipewa mshahara wa kupiga zeze. Leo ukihama, mshahara huo utapewa na nani?

Labda utaelekezwa kwenye mfuko wa utamaduni na sanaa, ambao unatoa mikopo kupitia benki. Mkopo! Bibi wa miaka sabini na tano akope benki ili aimbe wimbo aliofundishwa na mama yake, kisha arejeshe na riba. Kwa mwenye studio, mkopo ni msaada, sikatai. Kwa bibi ni kichekesho.

Na sheria je? Sheria ya hakimiliki ya 1999 haikuisahau sanaa ya jadi. Anayetaka kuitumia kwa biashara, nje ya mazingira yake ya asili, anatakiwa apate kibali. Kwa nani? Kwa Baraza la Sanaa la Taifa. Kijiji hakimo. Yaani wimbo wa kupura mtama wa Pohama una mlinzi wake, naye yuko Dar, kilomita zaidi ya mia saba kutoka kwenye mtama. Sidai kwamba baraza lina nia mbaya. Nauliza tu huyo mlinzi ataujuaje wimbo huo ukipita mbele yake umevaa miwani.

Hapa Mgori ina la kuwafundisha watu wa mjini. Msitu wetu, zaidi ya hekta 40,000 za miombo, ulikuwa ukiliwa na kila mwenye shoka. Serikali ilikuwa na mpango wa kuufanya hifadhi yake. Katikati ya miaka ya 1990 likafanyika jambo jingine: vijiji vitano, Pohama, Ngimu, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vikagawana mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi wao wenyewe, vijana wa hapa hapa. Wataalamu wakaja kutoka mbali kuliandika jambo hilo, na mpaka leo linatajwa kila yanapozungumzwa mambo ya misitu ya vijiji. Hao hao wasio na lolote! Kama tuliweza kuweka mipaka ya msitu, tutashindwa na mipaka ya nyimbo?

Ninachotaka hakihitaji ukumbi wala taa za rangi. Kila kijiji kifungue daftari la nyimbo na hadithi zake na majina ya wanaozijua, lirekodiwe na simu wakati wenyewe wangali hai, likae kwa mtendaji na nakala iwe Singida. Mwenye studio anayetaka mstari wa bibi aanzie kwenye daftari, akubaliane na bibi, alipe kijijini, ndipo aende Dar na karatasi yenye muhuri wa kijiji kuomba kibali chake. Hizo pesa za matamasha, sehemu yake ije katika mikoa ya kati mwezi wa Julai. Sisemi zote. Watu wa Dar nao wana haki ya kucheza kwenye mvua yao.

Na ninyi wenzangu wa kalamu msijifiche nyuma yangu. Tunaandika mashairi juu ya taa za Kariakoo tulizoziona siku nne, tukiwa tumelala kwa shemeji sebuleni, lakini wangapi kati yetu wanaweza kuandika wimbo mmoja wa Kinyaturu mpaka mwisho, na kueleza unaimbwa lini na kwa nini? Nimewauliza watano. Wawili walinipa mstari wa kwanza. Mmoja akasema atamuuliza nyanya yake, halafu akakumbuka kwamba nyanya alizikwa Novemba.

Mwenzetu aliyetoa shauri namkaribisha. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024, kwa hiyo safari si kisingizio tena. Kutoka hapo ni basi mpaka Singida mjini, kisha gari la Mgori. Aje Julai. Abebe koti zito, daftari, na simu iliyojaa chaji maana umeme una tabia zake. Nauli ya kurudi asiitegemee kwetu. Chakula kipo.