Bastola ya sakoshi haitatulinda: jibu kwa wale wanaouzia dada zetu woga

Tangu mwezi jana vidio moja inazunguka mu ma-groupe ya WhatsApp ya Beni, Butembo na Oicha. Mwanamuke mumoja wa Marekani anasimama mbele ya kioo na kuonyesha bastola zake: moja ya ndani ya sakoshi, moja ya kiunoni chini ya shati, moja ya kufunga karibu na sutie. Anaeleza ile inayokaa vizuri mwilini, ile isiyoonekana, ile isiyochosha mutu akikaa nayo mchana mzima. Kisha mutu wa kwetu akaongeza sauti yake juu, kwa Kiswahili: ba dada, serikali imeshindwa, kila mutu ajitafutie yake. Na chini yake kuna watu wanaouliza bei.

Tulingoja tukidhani itapita. Haikupita. Basi tunajibu.

Sisi vijana wa harakati hii, mabinti na wavulana, tunaikataa hiyo biashara. Na mutu asituambie kama tunasema hivyo sababu hatujui hali ya wanawake wa huku. Tunaijua. Ni mama zetu wanaoenda shamba asubuhi wakiwa wameagana na watoto kama watu wanaosafiri mbali. Ni dada zetu wanaofunga duka saa kumi na moja, wanakimbia kufika nyumbani mbele ya giza. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliobakwa mu Kongo, na sehemu kubwa sana walitoka mu kambi za wakimbizi wa vita kandokando ya Goma. Wengi walishikwa na watu wenye silaha, wakiwa wametoka kutafuta kuni, maji ao chakula. Hatuhitaji vidio ya kutufundisha woga.

Tuanze na kwao, juu ni kutoka kule ndiko hii habari inatoka. Marekani kuchagua bastola ya mwanamuke ni biashara ya zamani. Kampuni Smith & Wesson ilirudisha sokoni jina LadySmith karibu na mwaka 1989, bastola ya kuuzia wanawake. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yao 50 yanaacha mutu mzima abebe bastola ya kuficha bila kuomba ruhusa yoyote. Kwa hiyo kule mwanamuke anaingia dukani, anajaribisha, anauliza kama mukono wake unaweza kuvuta sehemu ya juu, kama inaingia mu nguo isiyo na mukanda. (Wanaume mu matangazo hayo hawaulizwi kama bastola inapendezana na shati yao. Tuliona hilo pia.)

Na hata kule, penye duka na sheria na mwalimu wa kulenga, hiyo bastola "nzuri ya kubeba" ina shida ambazo muuzaji hapendi kuzitaja mapema. Kadiri inavyokuwa ndogo na nyepesi, ndivyo inavyopiga mukono kwa nguvu wakati wa kufyatua, na mutu asiyejifunza kila juma hawezi kulenga nayo vizuri. Ikikaa mu sakoshi, inatoka polepole. Mwizi akinyakua sakoshi, amepata pesa, simu na silaha kwa mara moja. Na mutoto anatia mukono mu sakoshi ya mama yake, kila mama anajua. Desemba 2014, mu jimbo la Idaho, mama mumoja alikuwa anafanya manunuzi mu duka kubwa pamoja na watoto. Bastola yake ilikuwa mu sakoshi iliyotengenezwa makusudi kwa kuficha silaha, na ruhusa ya kubeba alikuwa nayo. Mutoto wake wa miaka 2 alifungua, akaishika, ikafyatuka. Mama alikufa palepale. Kila kitu walichomwambia afanye, yeye alikuwa amekifanya.

Sasa tuje huku kwetu, na tuulize swali ambalo yule mwenye sauti ya Kiswahili hakuliuliza: hiyo bastola itatoka wapi?

Duka hakuna. Sheria ya silaha tuliyo nayo ni ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035, na inataka ruhusa ya wakubwa kwa kila silaha mukononi mwa raia. Mama muuza fretini wa soko ya Kilokwa ataipata wapi hiyo ruhusa? Hataipata. Kwa hiyo ataipata bastola kwa njia ile moja tunayoijua wote: itatoka kwa mutu mwenye kuvaa uniforme, ao kwa kijana wa kundi, usiku, kwa dola. Na masasi yake vilevile. Yaani mwanamuke anayeogopa mwenye silaha atamulipa mwenye silaha. Pesa ya makala na ya mafuta ya ngazi itarudi kununua masasi mengine. Yule anayekuuzia leo, kesho anajua nyumba yako, anajua una dola, anajua pia kitu gani unaficha chini ya godoro. Mbele ya kuuliza kama bastola inakaa vizuri kiunoni, uliza nani mwingine anajua kama iko pale.

Kisha kuna bariere. Kati ya Beni na shamba, kati ya Beni na Kasindi, mutu anasimamishwa mara ngapi? Leo mwanamuke akikutwa na jembe na kikwembe, wanamuomba franka, wanamutukana, anapita. Ni mubaya, na tunaipigania. Lakini akikutwa na bastola, yeye si raia tena machoni pao. Atakuwa mushirika wa ADF kwa mujeshi wa serikali, mupelelezi wa serikali kwa waasi, na kwa Wazalendo atakuwa chochote watakachotaka siku ile. Na akifika hai mbele ya sheria, atakuta nini? Tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège, na kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa mahakama ya kijeshi. Tunawauliza wale wanaotuma vidio: mutamulipia avoka?

Tuseme pia juu ya hesabu, maana wengine wanapenda hesabu. Bastola ndogo ya kuficha inabeba masasi 5, 6, tuseme 10. Magazini ya Kalashnikov inabeba 30. Wanaoingia nyumba usiku mu katiye zetu hawaji mumoja. Wanakuja watatu, wanne, wengine wanabaki inje. Mara nyingi mwanamuke ameshikwa akiwa amelala, akiwa na mutoto mgongoni, akiwa ameinama anachuma sombe. Mu vidio adui anakuja kutoka mbele, peke yake, polepole, na anangoja dada atoe kitu chake mu sakoshi. Huku kwetu hatujawahi kumuona adui wa namna ile.

Na yule adui mwingine, ambaye watu hawapendi tumutaje mu tangazo? Wanawake wengi wanapigwa na mutu mwenye ufunguo wa nyumba. Leta bastola mu nyumba ile, halafu uniambie mwisho wa juma ni nani anaishika. Marekani walilichunguza jambo hili zamani: uchunguzi uliotoka mwaka 1993 mu gazeti la waganga, New England Journal of Medicine, ulionyesha kama bunduki ndani ya nyumba iliongeza hatari ya mutu kuuawa mule ndani karibu mara 3, na hatari yenyewe ilitoka kwa watu wa familia na wa karibu. Na ile ni nchi ambapo polisi inakuja ukipiga simu. Sisi wengine tuna ba shemeji ambao hata panga hatungependa kuwaachia siku ya mushahara.

Tunasikia jibu: basi mnataka wanawake wangoje kama kondoo? Hapana, na tunakasirika kusikia hivyo, juu wanawake wa huku hawajawahi kungoja. Wanaenda shamba kwa kundi, kumi na tano, ishirini. Mu katiye mingi wameweka filimbi na sufuria kando ya kitanda. Mwizi akiingia nyumba moja, avenue nzima inapiga kelele mpaka anakimbia. Tunajua kama kelele zile mara nyingine zinaishia kwa kuchoma mutu na matairi, na hilo tunalikataa kabisa, tumelisema kila mara. Lakini filimbi haijaua mutoto wa mutu, na askari wa bariere hamufungi mama juu ya filimbi.

Wanaosema "kila mutu ajitafutie yake" wanatuomba kitu kimoja kikubwa bila kukitaja: kwamba tumusamehe mwenye kazi. Ulinzi wa raia una mwenyewe. Analipwa, ana ofisi, ana gari lenye vioo vyeusi. Siku mwanamuke wa Mulekera atakapobeba bastola, gavana atalala vizuri, juu akipigwa tena watasema alikuwa na silaha yake, angejitetea. Kosa litahamia mu sakoshi yake. Tayari wanamuuliza alivaa nini. Baadaye watamuuliza juu ya nini hakulenga vizuri.

Kwa hiyo maombi yetu tunayaelekeza kwa wenye kazi. Kwa gavana wa kijeshi na wakubwa wa jeshi: mujeshi asiye kazini asitembee na bunduki mu muji, mu soko, mu nganda. Kila silaha iwe na namba na jina la mutu anayeibeba, na masasi yahesabiwe wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Hii ni pamoja na silaha za Wazalendo, ambao tangu mwaka 2023 wamefunguliwa mlango mu Réserve armée de la défense. Kama ni jeshi, wahesabiwe kama jeshi. Mulipe askari kwa wakati, juu askari asiyelipwa ndiye duka la silaha la muji huu. Kwa meya: taa ya barabara mu katiye za pembeni, na doria ya kwenda shamba iliyopangwa pamoja na wanawake wenyewe, saa wanayotoka wao, si saa inayomupendeza komanda. Kwa polisi ya kulinda mutoto na mwanamuke: wanawake wa kutosha wa kupokea malalamiko, na chumba chenye mlango.

Na kwa wakubwa wa afya, hili ni la haraka kuliko yote. Mutu aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa ya kuzuia UKIMWI. Kila kituo cha afya, hata kile cha mwisho kabisa cha kijijini, kiwe na dawa zile mu kabati, bila kumuomba mama franka hata moja na bila kumutuma kwanza alete karatasi ya polisi. Tunazo sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji, zina karibu miaka ishirini. Zitumike pia kwa mwenye galoni begani.

Kwa wenye ma-groupe ya WhatsApp tunaomba jambo dogo: muifute hiyo vidio, na yule anayejibu watu kwa faragha juu ya bei, mumutoe. Nyie munamujua namba yake kuliko sisi.

Barua yenye maombi haya tunaipeleka kwa meya Jumatatu. Tunakutana rond-point Nyamwisi saa mbili za asubuhi, tunaenda kwa miguu, mikono mitupu kama siku zote. Ba mama watatangulia mbele. Mwenye filimbi aje nayo.