Watoto wetu si madesu ya mtu

Wazazi wa Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe, vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Kila mwezi wa 9 masomo ikianza, kartie zetu zinajaa vibao vipya. Parsele ambayo juzi ilikuwa nganda, leo ni shule ya maternele. Ukuta umepakwa rangi ya njano, katuni zimechorwa, bei ya minervali imeandikwa kwa dola. Na kila mwaka tunasikia wimbo uleule: wakubwa wanapita kwenye radio, wanasema shule zisizo na agrema zitafungwa. Halafu kimya.

Kati ya ile makelele na ile kimya kuna kitu kinapita mkononi. Kila mtu anakijua. Kina hata jina ambalo nchi nzima inacheka nalo: madesu ya bana, maharagi ya watoto. Safari hii hatucheki, juu maharagi yanayoliwa ni ya watoto wa kweli, wa miaka 3, 4 na 5.

Tuseme wazi tangu mwanzo, ili mtu asitutie maneno mdomoni. Sisi hatupingi agrema. Katiba yetu, artikli ya 45, inasema kufundisha ni huru, lakini serikali inapaswa kuchunga. Artikli ya 43 inahesabu shule za serikali pamoja na zile za binafsi zilizopewa agrema. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imefuata njia hiyo. Ni sawa kabisa. Mtu hawezi kuamka asubuhi, kupanga viti vya plastiki chini ya mabati, na kujiita shule. Mtoto wa miaka 3 hajui kusema "hapa ni hatari". Lazima kuwe na mtu mkubwa anayesema kwa niaba yake. Ndiyo kazi ya serikali.

Swali letu ni moja: hiyo kazi inafanywa?

Tunasema kile tulichoona. Katika kartie moja yetu kuna shule mbili za maternele, zote kwenye avenyu moja. Hatutaji majina, juu tatizo halikuanzia kwa mtu mmoja.

Shule ya kwanza iko na agrema. Namba ya arete imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Ndani, watoto karibu 70 katika chumba kimoja chenye mlango mmoja. Anayewachunga ni dada wa miaka 19 aliyesoma komersiale, hajawahi kufundishwa namna ya kushika mtoto mdogo, na analipwa siku promota akikumbuka. Musalani ni shimo la watu wakubwa. Mtoto anaenda akishikwa mkono, na siku hakuna wa kumshika, anajikojolea.

Shule ya pili haina agrema. Ni mama mmoja mwalimu, ana D6 ya pedagojia na miaka mingi ya kazi. Watoto 24, vyumba viwili, walimu wawili. Ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Geti linafungwa na kufuli, juu makamyo yanapita pale na mtoto mmoja akiponyoka inatosha. Huyu mama alipeleka dosie yake. Akaambiwa: "Dosie yako iko inaendelea." Kila mara akienda kuuliza, kuna kitu: transpori ya mtu wa kuja kuangalia, karatasi ya kuprinti, uniti za simu. Mara ya kwanza alitoa. Mara ya pili alitoa. Mara ya tatu aliomba risiti. Mwezi wa 2, katikati ya mwaka wa masomo, wakaja kupiga seli kwenye geti.

Sasa tuambieni, ile agrema ililinda nani?

Na tufuate wale watoto 24, juu hakuna raporti iliyowafuata. Wengine walienda na mama zao sokoni, wakalala chini ya meza kati ya mifuko ya makala na mboga. Wengine waliachiwa dada zao. Mmoja wa wale dada ana miaka 9. Yuko kalasi ya 4 ya primere, ile ambayo Katiba inasema ni ya lazima na ya bure. Alibaki nyumbani wiki tatu kuchunga ndugu yake ili mama aweze kuuza. Walifunga shule ya watoto wadogo, na bila kujua wakamtoa mtoto mwingine kwenye shule ya serikali.

Hapa ndipo hasira yetu inapoanzia. Tangu Septemba 2019 tunaimbiwa gratuite. Ni jambo kubwa na tuliliunga mkono. Lakini gratuite inaanzia kalasi ya kwanza ya primere. Maternele, ile miaka 3 ya mwanzo, imeachwa kwa soko. Hesabuni wenyewe maternele za serikali zilizo kwenye kartie yenu. Vidole vya mkono mmoja vitabaki. Serikali haikujenga, haikulipa, haikufundisha, lakini njia ya kuja kufunga inaijua vizuri.

Halafu tuongee juu ya walimu. Sheria inataka mtu aliyefundishwa kazi, na ina haki. Kuchunga mtoto wa miaka 3 si kazi ya "msichana yeyote anayependa watoto". Lakini nani anawadai promota hiyo kanuni? Serikali ileile ambayo iko na bamwalimu NU, wanaofundisha miaka bila mshahara? Kabla ya kumuuliza jirani kama amelipa mfanyakazi wake, jiangalie kwanza kwako.

Nyinyi promota pia hamtaponea hapa. Wengi wetu tumepita kwenye makalasi yenu. Mlituchukua juu hatuna kazi, mkatuambia "tutaona mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi haukufika. Vijana, shikeni hii: Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kontra iandikwe. Kama haikuandikwa, unahesabiwa umeajiriwa kwa muda usio na mwisho, mpaka mwenye kazi aonyeshe vingine. Kukosa karatasi hakukuondolei haki.

Kuna watakaotuambia: "Mnawatetea wasio na karatasi. Siku paa itaangukia watoto, mtakuwa wa kwanza kulia." Tunajibu: ni kwa ajili ya hilo paa tunaandika. Paa mbovu, shimo wazi, mlango mmoja kwa watoto 70, hizo zifungwe leo, hata kama agrema imewekwa kwenye fremu ya dhahabu. Hatari haisubiri. Lakini karatasi inayokosekana haiui mtoto. Karatasi inaweza kupewa muda. Leo wanafanya kinyume: hatari inapewa muda, karatasi inapigiwa seli.

Sheria ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inataka faida ya mtoto iwekwe mbele katika kila uamuzi unaomgusa. Kwa msingi huo tunadai:

1. Masharti yote ya agrema ya maternele yabandikwe mlangoni kwa kila ofisi ya elimu na kila komini, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na bei kamili na siku za kungoja jibu.

2. Hakuna pesa mkononi. Kama serikali inadai kitu, itoe karatasi ya malipo, tulipe benki, turudi na bordero. Kisichopita benki si cha serikali.

3. Hakuna kufunga shule katikati ya mwaka kwa sababu ya karatasi peke yake. Shule ipewe muda ulioandikwa. Ikifungwa juu ya hatari, wakubwa waseme siku ileile watoto wanaenda wapi.

4. Raporti ya inspekta ibandikwe kwenye geti ili mzazi aisome: watoto wangapi, walimu wangapi, diploma gani, milango mingapi, musalani namna gani.

5. Serikali ifungue makalasi ya maternele kwenye shule zake za primere, ianzie kwenye kartie za maskini, na iwalipe walimu wake.

Na sisi, tusingoje. Wazazi, siku ya kuandikisha mtoto msiishie kwenye rangi ya ukuta. Ingia ndani. Hesabu watoto. Uliza mwalimu alisomea nini na kama amelipwa mwezi uliopita. Omba kuona arete, usome jina na adresi, juu namba kwenye ukuta haitoshi. Promota wa kweli hatakasirika. Na wewe mama mwenye shule ndogo, ukiombwa "kitu kidogo", omba risiti. Andika tarehe, kiasi na ofisi. Utuletee. Ukiwa peke yako watakufunga. Tukifika ishirini na karatasi zetu, watalazimika kutusikiliza.

Ile seli bado iko kwenye geti. Mvua imeanza kuichuja, lakini bado inasomeka. Kila asubuhi mtoto mmoja wa pale karibu anapita na kikapu chake cha masomo mgongoni, anasukuma geti, linagoma, anarudi kwao.

Tutapita kwenye ofisi wiki ijayo, mchana, bila kelele, na mkanda wetu mkononi. Tutaomba akuze-resepsio. Kuja na sisi.