Nani Ahesabu Visima Vyetu?



Mwanzoni mwa 2025 Serikali iliita usaili wa kazi ya ualimu. Nafasi zilikuwa 14,648. Walioomba walikuwa 201,707. Yaani kwa kila nafasi moja walisimama watu karibu kumi na wanne, wote wamesoma, na nyuma ya kila mmoja yupo mzazi aliyeuza maharage au ng'ombe ili mtoto asome. Katika vijiji vyetu vya Makere, Kasulu na Kibondo twawafahamu vijana wa namna hii: shahada i sandukuni, jembe li mkononi.

Sasa wengi wao wanaambiwa kwamba mlango mwingine umefunguka. Wajifunze kwa njia ya intaneti, wapate cheti cha sayansi ya data, waache ualimu usiopatikana, waingie katika kazi mpya yenye mshahara mnono. Je, Kanisa liseme nini juu ya ahadi hiyo?

Kwanza hapana budi tuielewe kazi yenyewe. Sayansi ya data ni kukusanya habari nyingi, kuziondolea makosa, kuzipanga na kuzitafutia maana kwa msaada wa hesabu na kompyuta, ili mwenye kuamua aamue kwa ushahidi. Mfano wake uko mlangoni petu. Hasa kati ya 2011 na 2013 zilikusanywa kumbukumbu za vituo vya maji nchini, kwa Wizara ya Maji na mradi uitwao Taarifa. Baadaye DrivenData ya Marekani ilichukua kumbukumbu za vituo 59,400 na kuziweka katika intaneti ziwe shindano: mshindani abashiri kwa kompyuta pampu ipi ni nzima, ipi yahitaji matengenezo na ipi imekufa. Vituo 22,824 kati ya hivyo havikuwa vikifanya kazi. Vya Kasulu vimo zaidi ya 1,000, na vya Kibondo zaidi ya 800. Tangu hapo maelfu ya wanafunzi wa ng'ambo wamejizoeza kazi hii kwa visima vyetu. Wamejifunza ufundi kwa kiu yetu.

Hatuwalaumu kwa kujifunza. Tunauliza tu: mtoto wa Kasulu yuko wapi katika darasa hilo? Mwanafunzi wa mbali aiona pampu kama mstari mmoja katika orodha ndefu. Mtoto wa hapa anajua kwamba pampu ilikufa kwa sababu fedha za kamati ya maji zililiwa, au kwa sababu kipuri hakipatikani karibu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayehesabu ndiye anayesema nani ana shida na nani hana. Basi kuingia kwa vijana wetu katika taaluma hii si suala la mshahara tu, ni suala la haki. Kwa hiyo twasema wazi: anayeweza kujifunza, na ajifunze.

Lakini ukweli wote usemwe. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya kozi za intaneti za vyuo vikuu vya Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo 2017–18, kati ya kila watu 100 walioingia, waliomaliza walikuwa kama 3 tu. Tena wengi wa wanafunzi walitoka katika nchi tajiri. Ikiwa hao wenye umeme wa uhakika na kompyuta nyumbani wameshindwa kumaliza, sembuse kijana anayesomea kwenye simu, kwa Kiingereza kigumu, huku akikopa fedha za kifurushi?

Aidha, si kila kazi iitwayo ya data ni kazi ya mtaalamu. Januari 2023 gazeti la TIME lilieleza habari za vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kusoma maandishi ya ukatili na kuyatia alama, ili akili mnemba ya OpenAI ijifunze kuyatambua. Walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1981, katika waraka Laborem Exercens, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Naye Papa Leo XIV, tarehe 10 Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina lake akimkumbuka Leo XIII aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891, kwa maana akili mnemba imeleta maswali mapya juu ya utu, haki na kazi.

Udhalimu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ule usiopiga kelele. Ni pale jamii inapomwambia kijana, "Jifunze mwenyewe, jiajiri mwenyewe," na anapokwama inamwita mvivu. Hivyo mzigo wa wote unatwikwa kichwa kimoja. Mzigo huo ni mzito zaidi kwa jirani zetu wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Mkimbizi aweza kusoma usiku na mchana hadi apate cheti. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 1998 yamtaka awe na kibali ili atoke kambini. Cheti hakivuki kizuizi.

Nchi yetu iliwahi kujua njia bora zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikaa katika vikundi, wakiwa na kiongozi na kitabu, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walisoma pamoja, wakatenda pamoja.

Basi yatupasa kufanya hivyo tena. Parokia yenye ukumbi na umeme ifungue chumba cha kusomea, yenye kompyuta chache na intaneti ya pamoja. Walimu wa hisabati wasio na ajira wawe viongozi wa vikundi, kwani takwimu ndizo msingi wa taaluma hii. Wanafunzi waanze na kozi zisizo na malipo, na mazoezi yao yawe kumbukumbu za hapa: visima vya kijiji, mazao ya chama cha ushirika, daftari la chanjo, bila kufichua siri za wagonjwa. Wazazi wasiuze shamba kwa ajili ya cheti kabla mtoto hajapima uwezo wake kwa miezi michache. Halmashauri nazo ziwape kazi vijana hawa, kwa ujira wa haki, wahesabu upya pampu zilizokufa. Na wenye mamlaka wautazame upya mlango wa kambi, ili mwenye ujuzi aruhusiwe kuutumia.

Mtakatifu Luka atusimulia kwamba Yosefu na Maria walikwenda Bethlehemu kuandikishwa. Kaisari alitaka idadi. Waliofika mbele ya makarani wake walikuwa fundi seremala na mama mjamzito aliyekosa mahali pa kulala. Kijana wetu atakapoketi mbele ya kompyuta na kukuta pampu imeandikwa kuwa imekufa, akumbuke kwamba nyuma ya mstari huo yupo mama mwenye ndoo, na kwamba huenda anamfahamu kwa jina.

Amani ya Kristo iwe nanyi.