MAMBO YA BUSTANI: Vuli ya Ulaya na Vuli ya Kitengela

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza humwagiza msomaji kwamba maua ya kudumu yanayochanua wakati wa vuli yachimbuliwe, mashina yapasuliwe, na vipande vipandwe upya baridi kuu ikiisha. Agizo hilo ni jema, walakini neno “vuli” limewapoteza wengi. Vuli ya Ulaya ni majira ya majani kupukutika na mimea kulala. Vuli ya Kitengela na Kajiado ni zile mvua chache za Oktoba hadi Disemba, wakati nchi iliyokauka inapofufuka. Jina ni moja, mambo ni mbalimbali.

Mathalani mmea uitwao krisanthemamu. Huko Ulaya hungoja usiku uwe mrefu ndipo uchanue. Kitengela iko karibu na Ikweta, na usiku wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, basi mmea hauna la kungojea. Ndiyo sababu makampuni ya Kenya yanayokuza maua ya kuuza huuwashia taa usiku ili usichanue upesi. Mwenye bustani aliyepata mvua ya vuli huenda akaona maua Disemba au Januari. Yakinyauka, hushikwa na hamu ya kupasua mashina papo hapo. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa maana jua la Januari na Februari halina huruma na mizizi iliyokatwa. Atanunua maji, tena maji ya visima vingi vya huko yana chumvi, nayo huunguza kingo za majani machanga.

Mwingereza huihofia baridi. Mtu wa Kajiado huhofia ukame. Kiangazi ndicho baridi yake. Basi maua yakiisha, vijiti vikatwe karibu na ardhi na shina liachwe hivyo hivyo mpaka masika ya Machi au Aprili, udongo utakapolowa kina cha shibiri moja.

Udongo mweusi wa Kitengela una kiburi: ukikauka hupasuka na kuikata mizizi, ukilowa hugandamana na jembe. Yafaa kungoja siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Kisha shina zima ling'olewe kwa uma wa bustani. Sehemu ya katikati, iliyozeeka na kuwa kama kuni, itupwe bila kuionea haya. Machipukizi ya pembeni ndiyo mali, kila kipande kiwe na machipukizi matatu au manne yenye mizizi yake. Wakulima wa pareto wa nyanda za juu hawahitaji kufundishwa, maana pareto ni jamaa ya krisanthemamu na wao huizidisha kwa kuipasua vivyo hivyo.

Tuta liinuliwe, kwa kuwa maji hutuama katika udongo ule. Samadi haiadimiki Kajiado, lakini ile inayotoka zizini leo huunguza mizizi. Itumike iliyokaa miezi kadhaa. Kipande kipandwe kina kile kile kilichokuwa nacho, kishindiliwe kwa mkono, kisha kifunikwe kwa nyasi kavu. Agapanthasi hupasuliwa kwa namna hiyo hiyo, ila haipendi kusumbuliwa mara kwa mara. Iachwe miaka minne hivi.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana majira matano mfululizo, na Kajiado ilipoteza ng'ombe wengi. Katika miaka ya namna hiyo hakuna awezaye kunywesha maua huku ndama wana kiu, wala hapana alaumiwe kwa hilo. Kwa hiyo mwenye bustani asipasue mashina yote mwaka mmoja. Nusu yabaki yalipo, yenye mizizi mirefu, na vipande vinavyozidi wapewe majirani siku ile ile, kabla havijanyauka, vikiwa vimefungwa katika gunia lililoloweshwa.